Kivuli cha Pini

Ekseli ilikuwa imelazwa juu ya magunia ndani ya banda la watu wa mifereji, na bado ilikuwa ikichuruzika maji meusi. Inspekta Leonard Pask aliizunguka kwanza bila kuigusa. Mtambo wa kuzibua mfereji ulikuwa umeinasa Jumatatu, chini ya tope, mahali palepale lilipotumbukia gari la Jim Lisle mwaka 1952. Siku ile waliopoa mwili na sehemu kubwa ya gari. Ekseli ya mbele ilizama, na hakuna aliyejisumbua kuitafuta, kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kimeshajua nani wa kulaumiwa. Polisi nao, kama kawaida yao, walikubaliana na kijiji wakaenda zao kula.

Sheila Lisle alisimama mlangoni, mikono mifukoni. Alikuwa mtoto wa miaka minne baba yake alipokufa. Sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye aliyekwenda kituoni kudai faili lifunguliwe. Upepo wa Oktoba ulikuwa unapita juu ya mashamba ya viazisukari bila kukutana na kilima wala mti, ukaingia bandani moja kwa moja.

"Miaka kumi na saba majini," alisema, "na haijaoza?"

"Tope la huku halina hewa, binti. Kutu haipati nafasi." Pask alichovya mswaki ndani ya mafuta ya taa, akapiga magoti. "Njoo unishikie tochi."

Alikwisha jifunza mengi wiki ile kuhusu kampuni ya Garrod, iliyotengeneza gari lile na kumwajiri Lisle kuyajaribu magari yake. Vita vilipokwisha, rubani mmoja wa ndege za mabomu, Rollo Garrod, alikodi uwanja uleule aliokuwa akirukia, ukiwa umeachwa na jeshi, akawakusanya mafundi wachache wa kikosi chake, wakaanza kutengeneza magari ya mashindano. Magari madogo, mepesi, ya watu wawili. Walitoa hamsini na kitu, kisha mwaka 1958 wakafunga milango. Mafundi wale walikuja na tabia ya jeshini ambayo hakuna aliyewaambia waiache: unakaza nati, unapitisha pini ya kuizuia isilegee, unaikunja miguu ya pini, ndipo unapaka juu yake yote tone la rangi, kila fundi na rangi yake. Ukiona rangi, ujue kazi imekwisha na nani aliyeimaliza.

Mswaki uliondoa tope kwenye nati ya mkono wa usukani. Chini yake palikuwa na rangi ya njano.

"Ya Tebbutt," alisema Sheila. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama aliniambia. Njano ilikuwa yake."

"Ndiyo." Tundu la pini lilikuwa tupu, kama ilivyotarajiwa. Hiyo ndiyo hadithi iliyosimuliwa mahakama ilipochunguza kifo kile: Wilf Tebbutt, fundi wa gari lile, alisahau pini, nati ikalegea njiani, usukani ukabaki mikononi mwa Lisle bila kazi, gari likaingia mferejini. Pask alitoa kioo cha kukuzia akainama mpaka pua ikakaribia chuma. 

"Umeona nini, Afande?"

"Tazama hapa, pembeni mwa nati. Rangi imeenea kote, isipokuwa hii michirizi miwili. Hapa chuma ni kitupu."

"Michirizi ya nini?"

"Miguu ya pini. Pini ilikuwapo rangi ilipopakwa, ikaacha kivuli chake. Halafu baadaye ikachomolewa." Alisogeza kioo. "Na hii nyingine. Rangi imekatiza kutoka kwenye nati kwenda kwenye mkono, lakini mistari haikutani, na spana imekwaruza juu ya rangi. Nati ilifunguliwa, ikafungwa upya, na safari ya pili hakuna aliyerudisha pini."

Sheila alizima tochi bila kuambiwa. "Kwa hiyo hakusahau."

"Hakusahau."

"Alimuua makusudi."

"Sijasema hivyo."

"Sasa wewe unataka kusema nini? Rangi yake, nati yake, kazi yake. Na walipigana baa wiki ileile, imo kwenye faili, nimeisoma mwenyewe!" Alikuwa analia na kukasirikia machozi yake. "Nimekuwa nikimpita barabarani yule mzee. Nilikuwa naanza hata kumwonea huruma, unajua? Naenda kumkamatisha kwa mkono wangu."

Pask alirudisha kioo mfukoni. Alijua mkubwa wake akisikia habari za kivuli kile atataka pingu kabla ya chakula cha mchana, na kivuli kile kilikuwa kimegeuza uzembe wa zamani kuwa mauaji. Aliifungua nati kwenye ekseli, akaifunga ndani ya kitambaa, akawaomba watu wa mifereji wafunge banda, akaondoka.

Wilf Tebbutt aliishi ndani ya karavani mwisho wa njia ya kurukia ndege. Zege lilikuwa limepasuka, nyasi zimepenya, na gari la Pask lilirukaruka njia nzima. Tebbutt alikuwa mtu wa miaka sitini na ushei, mrefu, mwenye kofia ya sufu. Kijijini hapakuwa na mtu aliyemtukana, maana Waingereza wa tambarare zile hawatukani. Walikuwa wakinyamaza tu alipoingia. Alipokaa karibu na moto wa baa, waliokuwa karibu nao walikumbuka kwamba wake zao wanawangoja. Ikafika siku akaacha kwenda.

"Ingia, Afande. Funga mlango, upepo huu hauna adabu." Aliondoa gazeti kwenye kiti. "Chai sikukaribishi. Si uchoyo. Nina kikombe kimoja, nacho nimeshakitia mdomo."

"Nimekunywa. Mzee Tebbutt, mlipigania nini na Jim Lisle?"

"Loo! Ya kale hayo." Tebbutt alitabasamu kidogo. "Alisema gari letu ni kopo la biskuti lililotiwa injini."

"Lilikuwa hivyo?"

"Lilikuwa hivyo hasa. Ndiyo maana ikaniuma, nikampiga. Kesho yake akaja na soseji zimefungwa kwenye gazeti, tukala wote juu ya boneti. Jim hakuwa mtu wa kinyongo."

"Kuna aliyewaona mkila?"

"Nani atatuona? Alikuja alfajiri." Mzee aliuzungusha mpini wa kikombe. "Umekuja kunikamata, si ndiyo? Maana wameopoa ile ekseli."

"Nimekuja kuuliza. Ile pini uliiweka?"

Tebbutt alitazama nje. Huko nje hapakuwa na cha kutazama: zege, mbingu, na banda kubwa la ndege kwa mbali. "Sijui," alisema.

"Mzee, nakuuliza mara moja tu kwa upole. Uliiweka au hukuiweka?"

"Nami nakujibu. Sijui. Ningetaka kukwambia niliiweka. Mikono ya fundi inafanya kazi yenyewe, kichwa kiko kwingine. Usiku najiona nikiiweka, naikunja, napaka rangi. Halafu najiona naiacha juu ya benchi. Zote mbili naziona vilevile."

Pask alikuwa amewahoji wauaji kadhaa katika maisha yake, na wote walijua kwa hakika kwamba hawakufanya. Huyu ndiye wa kwanza kushindwa kujitetea. Aligeuza swali.

"Gari lilipoondoka ulikuwa wapi?"

"Stesheni. Bosi alinituma kufuata giaboksi. Nikakuta hazijafika, nikarudi mikono mitupu na lori, nakuta watu wamejazana mferejini."

"Hazijafika?"

"Ah, kawaida. Garrod akinituma mara tano, mara nne narudi bure. Reli ya huku, Afande, usiniulize."

"Nani mwingine alikuwapo kiwandani mchana ule?"

"Wenzangu walikuwa kwenye banda la bodi, ng'ambo. Kwenye magari alibaki bosi. Na Ivy wa chai, kama kawaida yake, anaingia na kutoka."

Pask alisimama. Faili zima lilikuwa na maelezo ya wanaume kumi na watatu. Ivy wa chai hakumo.

Bi. Ivy Gathercole alimfungulia mlango mikono ikiwa na unga hadi kwenye viwiko, akamwingiza jikoni, akaendelea kukanda.

"Kumbe mmefika!" alisema. "Nimekungojeni tangu mfalme mzee afe. Polisi walimhoji kila mwenye suruali. Mimi nilipita katikati yao na sinia, wakachukua biskuti."

"Kosa letu, mama. Unakumbuka nini cha mchana ule?"

"Sukari."

"Sukari?"

"Baba, sukari ilikuwa ya mgawo wakati ule! Ikabidi nitoe yangu, ya nyumbani, maana Bwana Garrod alinijia mbio: Ivy, mgeni anakuja, mtilie vijiko viwili, mtilie hata vitatu. Mgeni mwenyewe kofia ngumu na mkoba, mtu wa kodi. Akanywa sukari yangu ya wiki nzima bila hata kusema asante. Siku kama hiyo naisahauje?"

Pask aliacha kuandika. "Mtu wa kodi alikuja siku ileile?"

"Siku ileile. Alipoondoka tu, Jim maskini akapanda gari." Bi. Gathercole alipiga unga kofi. "Nami nikashangaa, nikasema, Jim anapanda nini tena? Maana asubuhi nililiona gari limesimama kwa magurudumu yake, zuri, limekwisha. Mchana napeleka chai, nalikuta limepandishwa juu ya magogo, vipande vya mbele viko kwenye benchi, vimetandikiwa gazeti."

"Nani alivitoa?"

"Si Garrod mwenyewe! Yuko chini na kizibao chake kizuri, mafuta hadi masikioni. Nikamtania, nikamwambia, he, leo bosi kashika spana, dunia imekwisha. Hakucheka. Na yeye alikuwa mtu wa kucheka."

"Na Wilf?"

"Wilf hakuwapo. Mtu wa kodi akija, Wilf hakuwapo kamwe." Alimtazama Pask kana kwamba ndiye mwenye akili pungufu. "Yule hajui kusema uongo, Afande. Ukimwuliza kitu anakwambia. Walikuwa wanamtuma stesheni."

"Na hukumwambia mtu haya yote?"

Mikono yake ilisimama ndani ya unga. "Nilisikia Wilf kasahau pini. Pini yenyewe siijui hata ilivyo. Nikadhani kaisahau yeye, basi." Akaanza kukanda tena, taratibu. "Nami nilikuwa mmoja wa walioacha kumsalimia, usifikiri."

Banda la ndege lilikuwa kubwa kiasi kwamba taa zilizowashwa zilimulika kona moja tu. Katikati yake lilikuwa gari moja la kijani, la mwisho kutengenezwa, na kando ya gari viti vilipangwa kwa safu. Jumamosi wenye magari ya Garrod wangekusanyika, kama kila mwaka, na safari hii kungefunuliwa bamba la kumkumbuka Jim Lisle. Rollo Garrod alikuwa anasugua taa ya mbele kwa kitambaa. Alikuwa ameshona kiwiko cha koti lake mwenyewe, na mshono ulionyesha.

"Inspekta! Kaa popote, viti vyote ni vyako mpaka Jumamosi."

"Unaishi hapa, Bwana Garrod?"

"Kule nyuma. Mke wangu alichoka na baridi, akaenda kwa dada yake. Miaka mingi sasa." Alipuliza taa, akasugua. "Nasikia mmepata ekseli. Pini haimo, bila shaka."

"Haimo. Hebu nisaidie kitu kidogo. Giaboksi zenu mlikuwa mnazipata wapi?"

"Coventry."

"Zikija kwa reli?"

"Reli? Zingefika vipande vipande. Kwa lori, siku zote, mpaka mlangoni."

"Siku zote?"

"Siku zote. Sikuruhusu moja ipande treni."

"Basi Wilf Tebbutt alikuwa anafuata nini stesheni?"

Kitambaa kilisimama juu ya taa. Pask alitoa nati mfukoni, akakifungua kitambaa chake, akaiweka juu ya boneti, upande wa rangi juu. Akaeleza kivuli cha miguu ya pini kwa maneno machache, kisha akaeleza sukari ya Bi. Gathercole. Garrod alisikiliza yote akiwa amesimama. Kisha akakaa kwenye kiti cha safu ya mbele, kama mgeni aliyewahi sana.

"Unajua kodi ya gari zima ilikuwa kiasi gani?" alisema hatimaye. "Theluthi mbili ya bei, juu ya bei. Hakuna ambaye angetununua. Lakini gari la vipande halikuwa na kodi. Mteja ananunua vipande, anajiungia mwenyewe nyumbani. Sheria ilisema hivyo: mwenyewe. Sasa daktari wa meno wa Leicester atajiungia nini yule? Tukawa tunawaungia kimyakimya, Jim analijaribu, tunawapa."

"Na mtu wa kodi akija?"

"Tunafungua kitu. Viwanda vyote vidogo kama chetu vilikuwa vinaishi hivyo. Gari lisilo na usukani si gari, ni vipande. Anatazama, anaandika, anakunywa chai, anaondoka."

"Nani alirudisha mkono wa usukani?"

"Mimi. Jim alikuwa amekaa na mgeni, anamchekesha. Yule wa kofia alipoondoka, Jim akaja mbio: mwanga unaisha, Rollo, nipe gari. Nikarudisha. Nikakaza nati, nakwambia niliikaza kwa nguvu zangu zote." Alitazama viganja vyake. "Pini nilikuwa nimeitia mfuko wa kizibao. Isipotee."

Upepo uligonga mabati ya paa. 

"Niliikuta kwenye mazishi," alisema Garrod. "Nilivaa kizibao kilekile. Nilitia mkono nitafute leso."

"Mahakama ilikaa baada ya mazishi."

"Baada."

"Ukashika Biblia ukasema hakuna aliyegusa usukani ila Tebbutt."

"Ningesema kweli wangefunga kiwanda siku ileile! Kulikuwa na watu kumi na wanne hapa, wote nyumba zao zinanitegemea mimi."

"Kumi na watatu. Wa kumi na nne ulikwisha mtoa."

Garrod alifumba macho. "Sikumfukuza. Nilimpa ile karavani."

"Ulimpa karavani," alisema Pask, na kwa mara ya kwanza siku ile alipandisha sauti. "Mwisho wa uwanja, ambako unaiona taa yake kila usiku kutoka hapa. Ulipata wapi usingizi, Bwana Garrod? Mzee yule hata kikombe cha pili hana. Amwekee nani? Vaa koti. Tunakwenda kituoni."

"Jumamosi watu wanakuja."

"Waje. Watasomewa maelezo yako."

Garrod alivaa koti polepole, akazima taa moja baada ya nyingine. Mlangoni alisita. "Mwambie Wilf kwamba…"

"Mimi sibebi salamu zako," alisema Pask.

Maelezo yaliandikwa, yakatiwa sahihi. Asubuhi iliyofuata Pask alipita shuleni, akamwita Sheila nje ya darasa, akamwambia kila kitu wakiwa wamesimama uwanjani.  Sheila aliingia ndani kumwomba mwalimu mwenzake amshikie darasa, akatoka na koti lake, akaketi kwenye gari la polisi bila kualikwa. Walipofika mwisho wa njia ya ndege alibaki ndani ya gari. "Nenda wewe kwanza," alisema.

Tebbutt alikuwa ameshavaa kofia na koti. Begi dogo lilikuwa kitandani, limefungwa.

"Niko tayari, Afande. Paka wa shamba anakula mabaki yangu, ukimpata mtu wa kumtazama nitashukuru."

"Kaa, mzee."

Pask aliiweka nati mezani, karibu na kikombe. Akampa kioo cha kukuzia. Akamwonyesha kwa ncha ya penseli: rangi, tundu, michirizi miwili ya chuma kitupu. Hakuanza na Garrod, wala kodi, wala sukari. Hayo yangefuata.

Tebbutt alitazama, akaigeuza nati kwenye mwanga, akatazama tena kwa kioo. Alikiweka chini. Akagusa michirizi ile kwa kidole gumba, mmoja, kisha wa pili.

"Hii ni miguu yake," alisema.

"Ndiyo."

"Nimeikunja. Tazama, hata nimeikunja vizuri." Alimtazama Pask usoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa kunyang'anywa kitu alichopewa sasa hivi. "Niliiweka, Afande?"

"Uliiweka, mzee. Aliyeitoa ni mwingine, na ameshasema."

Hakuuliza ni nani. Alivua kofia, akajifunika nayo uso, akalia kwa sauti bila kujizuia. Pask aligeuka kutazama jiko. Alikuwa bado anatazama jiko Sheila Lisle alipogonga, akaingia, akasimama mlangoni kwa sababu hapakuwa na pa kusimama kwingine.

"Mimi ni binti yake Jim," alisema.

"Nakujua." Tebbutt alijipangusa kwa mkono wa koti, akainuka, akaanza kuangaza macho huku na huko, kabatini, chini ya meza, kama anayetafuta kitu alichopoteza. "Karibu. Karibu, mwanangu. Ningekupa chai, lakini hapa nina kikombe kimoja tu."

Sheila alifunga mlango, upepo ukabaki nje. Akaketi kitandani, kando ya begi.

"Tia tu, Bwana Tebbutt," alisema. "Tutapokezana."

Mzee alijaza birika, akawasha jiko, akakiosha kikombe mara mbili.